Sindano ya mwezi kwa mgonjwa wa skizofrenia: mafuta, punje au fuwele?

Sindano za muda mrefu za skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao dozi moja ya sindano hizi huutuliza kwa wiki kadhaa) zikilinganishwa, swali la kwanza huwa ni jina la dawa: fluphenazine, haloperidol, risperidone au paliperidone. Jina lina uzito wake, hasa kwenye madhara. Kliniki inayoagiza akiba ya mwaka mzima ingefaa ianze na swali jingine: dawa hiyo imebebwa na nini? Mafuta, plastiki inayoyeyuka mwilini, au fuwele zilizosagwa zikawa laini kuliko unga wowote? Kibebeo ndicho kinachoamua kama utahitaji friji, sindano ya namba gani, na mgonjwa aendelee kumeza vidonge kwa wiki ngapi. Hata kosa litakapotokea, mara nyingi litatokea kwenye kibebeo.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa kliniki ya wilaya ambako umeme hukatika na nesi mmoja anahudumia foleni nzima, ya mafuta bado ndiyo chaguo la busara, pamoja na uzee wake na madhara yake. Ya fuwele ndiyo bidhaa iliyotengenezwa vizuri kuliko zote, na kinachoizuia ni bei. Ya punje ni kazi nzuri ya kikemia iliyofungwa kwenye boksi lisilofaa mazingira yetu.

Ya mafuta

Fluphenazine decanoate imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na wauguzi wengi wa Tanzania na Kenya huiita Modecate hata ampuli ikiwa ya kampuni nyingine kabisa. Fikra yake ni ya miaka ya 1960. Molekuli ya fluphenazine ina kundi moja la haidroksili. Wanakemia walifunga hapo asidi ya mafuta yenye kaboni 10, dawa ikaanza kupenda mafuta kuliko maji. Kisha ikayeyushwa, miligramu 25 kwa kila mililita, ndani ya mafuta ya ufuta. Ndiyo, ufuta, jamaa wa ule unaolimwa Lindi na Mtwara, ila mafuta yake yamesafishwa kwa kiwango cha dawa na kuongezwa pombe ya benzili ili vijidudu visiote.

Ndani ya msuli mafuta hukaa kama tone. Dawa hutoka kidogo kidogo kuingia kwenye majimaji ya mwili, vimeng'enya hukata ule mkia wa kaboni 10, fluphenazine inabaki huru. Mkia hukatwa haraka. Kinachochelewesha ni kutoka kwenye mafuta. Ndiyo maana kubadili mafuta hubadili mwendo wa dawa, na ndiyo maana flupentixol na zuclopenthixol, ambazo hutumia mafuta mepesi ya mimea, huingia kwenye sindano kwa urahisi zaidi.

Dozi ya majaribio ni miligramu 12.5, yaani nusu mililita. Ikipita siku 4 hadi 7 bila tatizo, mgonjwa huendelea na 12.5 hadi 100 kila baada ya wiki 2 hadi 5. Wengi hutulia kwenye 25 kwa mwezi. Dozi hiyo ya majaribio isirukwe kwa kisingizio cha foleni: kidonge kikimletea mtu madhara unakisimamisha leo, lakini mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye tako hayana njia ya kurudi.

Sasa mkononi. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa. Tone la maji likibaki ndani, mafuta hupata ukungu, na hapo ni kumwaga na kuanza upya. Tumia sindano yenye kichwa cha kijani, namba 21. Ukichukua ya bluu, namba 23, kwa huruma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, utasukuma hadi kidole kiume. Kama bomba si la kuzungusha na kujifunga, sindano inaweza kuchomoka kwa msukumo na nusu ya dozi ikaishia kwenye shuka. Asubuhi za baridi, kama zile za Makete au Limuru, mafuta huwa mazito zaidi. Shika ampuli ndani ya kiganja dakika chache kabla ya kuivunja. Usiiweke kwenye maji ya moto.

Kuchoma nako kuna utaratibu wake. Vuta ngozi ya tako pembeni sentimita 2 au 3, choma wima kwenye robo ya juu ya nje, sukuma polepole, subiri sekunde 10, chomoa, kisha achia ngozi. Njia ya sindano inapinda na mafuta yanafungiwa chini. Ukichomoa haraka, mafuta hufuata sindano hadi chini ya ngozi, na baada ya wiki kadhaa mgonjwa anarudi na uvimbe mgumu. Usisugue. Kusugua, ambako wengi hufanya kama sehemu ya kumfariji mgonjwa, hutawanya lile tone na kuvuruga mwendo wa dawa. Kwa mtu mnene, sindano ya milimita 25 huishia kwenye mafuta ya mwili. Chukua ya 38.

Kabla ya yote hayo, muulize kuhusu mzio wa ufuta. "Una mzio na sesame oil?" ni swali litakalojibiwa "hapana" na kila mtu. Uliza hivi: ukila kashata za ufuta au mkate wa ufuta unapata muwasho, kuvimba midomo, au kifua kubana? Hapo utapata jibu la kweli.

Udhaifu mkubwa wa fluphenazine uko kwenye siku ya kwanza. Kiwango chake kwenye damu hupanda ndani ya saa 24, kabla hakijashuka na kutulia. Ndiyo maana mgonjwa aliyeondoka kliniki akitembea vizuri anaweza kuletwa usiku, shingo imekakamaa, macho yamegeukia juu, familia imeshaamini ni mashetani. Benzhexol au biperiden, dawa za kulegeza mkakamao huo, iwepo kliniki, na familia iambiwe mapema kwamba hali hiyo inatibika. Haloperidol decanoate, nayo ya mafuta ya ufuta, haina mpando huo wa siku ya kwanza: hufika kileleni karibu siku ya 6 na nusu yake hubaki mwilini kwa takriban wiki 3. Kama zote mbili zipo kwenye stoo, kwetu hii ndiyo nzuri zaidi kwa mgonjwa mpya. Angalizo moja tu: isizidi mililita 3 kwa sehemu moja, na soma ampuli vizuri, kwa sababu ipo ya miligramu 50 kwa mililita na ipo ya 100.

Madhara ya muda mrefu ni yale yale ya dawa za kizazi cha zamani: kutetemeka, miguu isiyotulia, na baada ya miaka, midomo na ulimi vinavyocheza vyenyewe. Kibebeo hakiwezi kurekebisha hilo.

Ya punje

Hapa historia inavutia kuliko bidhaa. Madaktari wa upasuaji walikuwa na shida ya uzi unaobaki mwilini. Wanakemia wa polima wakawatengenezea uzi wa asidi ya laktiki na ya glikoliki ambao maji ya mwili huuvunja taratibu, na toka miaka ya 1970 uzi wa aina hiyo umekuwa kitu cha kawaida kwenye vyumba vya upasuaji. Baadaye plastiki ya familia hiyo ilitumika kutengeneza punje ndogo zenye dawa ndani yake. Kampuni ya Alkermes ilileta ujuzi wa punje, Janssen ikaleta risperidone, na mwaka 2003 Marekani ikaidhinisha Risperdal Consta, ya kwanza ya muda mrefu kutoka kizazi cha pili cha dawa hizi. Upasuaji, kemia ya vifaa na tiba ya akili zilikutana kwenye kichupa kimoja. Mtu wa ghala la dawa ni kama hakualikwa.

Boksi lina kichupa cha unga, bomba lililojazwa mililita 2 za kimiminika, kiunganishi, na sindano mbili: fupi ya begani na ndefu ya tako. Kila kimoja ni cha lazima. Kimiminika hicho si maji ya kawaida ya sindano; kina kitu cha kukifanya kiwe kizito ili punje zisizame. Ukikimwaga kwa bahati mbaya na kukopa maji kutoka kwenye kabati, punje zitakaa chini na sindano itaziba. Sindano nazo zina tundu pana kuliko za kawaida. Kupoteza moja ni sawa na kupoteza boksi zima.

Hatua zenyewe ni hizi. Toa kwenye friji, acha dakika 30 lifikie joto la chumba. Unganisha, sukuma kimiminika chote ndani ya kichupa, tikisa kwa nguvu angalau sekunde 10 hadi kionekane kama maziwa mazito na punje zionekane zikielea. Vuta, choma mara moja. Ukikawia zaidi ya dakika 2, punje zimeshaanza kuzama, tikisa tena. Ikishachanganywa ina saa 6 tu katika joto lisilozidi nyuzi 25. Kosa la kawaida ni la adabu: nesi anachanganya, kisha anamwita mgonjwa, mgonjwa anaomba kwanza amalizie maelezo yake. Mwite mgonjwa kwanza, akae, begani pawe wazi, ndipo uchanganye.

Friji ni nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji, boksi lisilofunguliwa huvumilia siku 7 tu, tena kwenye joto lisilozidi 25. Dar es Salaam mwezi Februari, 25 ni shida kuipata hata alfajiri. Plastiki ya aina hii hulainika joto likipanda, punje hushikana, na unyevu huanza kuivunja kabla haijafika mwilini. Ubaya ni kwamba kwa macho huwezi kuona. Unga uliopikwa kwenye gari kutoka mkoani utaonekana mweupe kama kawaida, utachanganyika kwa shida kidogo, na utatoa dawa kwa mwendo usiojulikana.

Halafu kuna lile pengo la wiki 3. Baada ya kuchoma, karibu asilimia 1 tu ya dawa hutoka mwanzoni. Kisha kimya. Plastiki inaendelea kunyonya maji na kukatika ndani kwa ndani, na asidi inayozaliwa humo huharakisha kukatika zaidi. Ukuta ukibomoka, dawa hutoka kwa wingi wiki ya 4 hadi ya 6 na kuisha karibu wiki ya 7. Maana yake mgonjwa lazima ameze vidonge kwa wiki 3 za kwanza, na huyu ni mtu aliyepewa sindano kwa sababu vidonge vilimshinda. Maana ya pili ni kwamba ukiongeza dozi leo kwa kuwa bado anasikia sauti, matokeo hutayaona kabla ya wiki 3. Daktari asiyejua hili huongeza tena wiki ya pili, na mwezi unaofuata anashangaa mgonjwa amekuwa gogo. Dozi (miligramu 25, 37.5 au 50 kila wiki 2) isipandishwe mara nyingi zaidi ya kila wiki 4.

Kila wiki 2! Kwa mgonjwa anayetoka kijijini kwa bodaboda na basi, hizo ni safari 26 kwa mwaka, kwa bidhaa iliyo ghali kuliko ile ya mafuta inayomtaka safari 12.

Ya fuwele

Paliperidone ndiyo risperidone baada ya kupita kwenye ini, kwa hiyo aliyevumilia vidonge vya risperidone anaweza kuchomwa hii. Safari hii wanakemia walifunga mkia wa kaboni 16, ukatoa kitu kisichopenda kuyeyuka kwenye maji hata kidogo. Kisha, kwa ufundi wa kampuni ya Elan, kikasagwa hadi chembe zikawa za karibu mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kuwekwa kwenye maji. Hakuna mafuta, hakuna plastiki. Fuwele zenyewe ndizo ghala: zinayeyuka taratibu msulini, na ukubwa wa chembe ndio saa ya ukutani. Ya mwezi mmoja iliidhinishwa Marekani 2009. Ya miezi 3, yenye chembe kubwa zaidi, ikaja 2015. Ya miezi 6 ikaja 2021.

Hii inakaa kwenye kabati. Maelekezo ya Ulaya yanaruhusu hadi nyuzi 30. Imo tayari ndani ya bomba lake, hakuna kuchanganya, na inaanza kazi ndani ya siku chache, kwa hiyo vidonge vya kusindikiza havihitajiki. Kwa hesabu ya kimarekani mgonjwa hupata miligramu 234 siku ya kwanza na 156 siku ya 8, zote begani, kisha dozi ya kila mwezi begani au takoni. Ile ya siku ya 8 inaruhusu kuwahi au kuchelewa siku 4. Begani si pendekezo tu kwa hizo mbili: kwenye msuli wa bega dawa hupanda haraka zaidi, na hapo ndipo faida ya kutohitaji vidonge inapopatikana. Mgonjwa wa kilo 90 na kuendelea anachomwa begani kwa sindano ndefu iliyomo kwenye boksi, aliye chini ya hapo kwa fupi.

Inaharibika wapi? Kwenye kutikisa. Ya mwezi inataka sekunde 10, ya miezi 3 sekunde 15 za nguvu na kifundo cha mkono kikiwa legevu, ya miezi 6 inataka kutikiswa mara mbili za sekunde 15. Fuwele zisipotawanyika vizuri, sindano huziba katikati ya kazi: nusu imeingia, nusu imebaki, na hakuna anayejua mgonjwa amepata kiasi gani. Nesi aliyezoea ya mwezi huitikisa ile ya miezi 3 kwa mazoea ya zamani. Weka saa yenye mshale wa sekunde ukutani. Kuhesabu kwa mdomo kila mtu hukimbiza.

Jingine ni figo. Paliperidone hutolewa na figo zaidi kuliko ini, kwa hiyo pima kreatinini kabla, hasa kwa mwenye kisukari au presha ya muda mrefu. Figo zikiwa zimepungua kidogo, dozi hupunguzwa. Zikiwa zimepungua kuanzia kiwango cha kati, dawa hii iachwe. Homoni ya prolaktini nayo hupanda, na wanawake kukosa hedhi huwa sababu ya kuacha kliniki bila kusema. Uliza.

Na bei. Marekani dozi moja ya kawaida hupita dola 1,000. Hata ukipata punguzo kubwa, kwa fedha hiyo kliniki hununua ampuli nyingi mno za mafuta.

Je, hizo dola zinanunua nafuu zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la JAMA uliwapanga kwa kura wagonjwa 311 katika vituo 22 vya Marekani, nusu wakapata haloperidol ya mafuta, nusu paliperidone ya fuwele. Idadi ya waliozidiwa tena na ugonjwa haikutofautiana kwa maana yoyote. Waliopata fuwele waliongezeka uzito. Waliopata mafuta walisumbuliwa zaidi na miguu isiyotulia. Kwa maneno mengine, unachagua madhara na urahisi wa matumizi. Kwa nguvu ya dawa, zililingana.

Olanzapine pamoate, nayo sindano ya muda mrefu ya skizofrenia, tunaitaja kwa onyo tu. Chumvi hii huyeyuka taratibu msulini, lakini ikigusana na damu nyingi huyeyuka haraka, na sindano ikitoboa mshipa mgonjwa huweza kuzimika kama mlevi. Kwa hiyo kila dozi, hata ya mara ya 50, inadai saa 3 za kumwangalia. Kliniki isiyo na benchi na mtu wa kukaa naye isiinunue.

Mwisho, kadi ya mgonjwa, maana maboksi ya msaada hutoka nchi tofauti. Paliperidone ya Marekani huandikwa uzito wa chumvi nzima, na ya Ulaya huandikwa uzito wa dawa peke yake: 78 ni 50, 117 ni 75, 156 ni 100, na 234 ni 150. Aliyekuwa akipata 150 ya Ulaya akiandikiwa "150" na boksi lililopo likawa la Marekani, atapewa 156, yaani theluthi mbili tu ya dozi yake, na hakuna atakayegundua hadi aanze tena kuzungumza na ukuta. Andika jina la boksi, namba kama ilivyochapishwa, mkono au tako, kulia au kushoto, na tarehe ya kurudi. Aliye kwenye paliperidone ya kila mwezi akichelewa, hesabu tangu dozi ya mwisho: ndani ya wiki 6 anachomwa kama kawaida, zaidi ya hapo hadi miezi 6, anachomwa mara mbili begani kwa tofauti ya wiki moja, ikipita miezi 6, anaanza upya na 234 na 156.